Mkate wa Maziwa ya Wifi

Wifi yangu mkubwa alirudi nyumbani kwetu Bariadi na ng'ombe wawili, godoro, na kibuyu cha kusukia maziwa alichokifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Ndoa yake ya Nkoma ilikuwa imekwisha. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alimpa vyumba viwili vya uani, tukawa tunatumia ua mmoja, bomba moja na geti moja. Sikumpenda tangu siku hiyo, na yeye hakunipenda. Ninalisema hili mapema ili msomaji asikae akisubiri tupatane.

Mimi ni mtu wa Lamadi. Kwetu tuliishi kwa samaki, na kwa wifi hilo lilikuwa kama ugonjwa. Nikipita karibu yake alikunja pua, hata nikiwa nimetoka kuoga. Aliwahi kumwambia mume wangu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, "Ng'ombe zetu zilitoka zizini zikaenda kununua harufu." Mume wangu alicheka kidogo, kama wanaume wanavyocheka wanapotaka jambo lipite. Halikupita.

Kabla sijaolewa nilifanya kazi jikoni kwa masista. Hapo ndipo nilipojifunza kuoka mkate wa hamira kwa maziwa yaliyochacha badala ya maji. Nilipohamia Bariadi niliacha, kwa sababu sikupata maziwa ya namna ile. Maziwa mgando ya sokoni yalikuwa mazito mno, na mkate wake ulikaa tumboni kama tofali. Tukawa tunakula mikate ya dukani, ile ya mfuko wa nailoni, ambayo ukiibana inabaki imebanika.

Wifi kila asubuhi aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, akasukasuka kibuyu mapajani mpaka siagi ishikane. Siagi aliichemsha ikawa samli, akaipeleka sokoni. Yale maziwa yaliyobaki, mepesi, machachu, yenye vichembe vya siagi vinavyoelea juu, alikuwa hana kazi nayo. Mengine alinywa, mengine aliwamwagia mbwa kwenye sufuria lililotoboka. Nilitazama hivyo kwa wiki kadhaa mpaka uvumilivu ukaniisha.

"Wifi, hayo unayowapa mbwa, naomba unipe mimi."

"Ya nini?"

"Nioke mkate."

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Chukua. Mbwa watatafuta kwingine."

Nilichukua. Nikayapasha moto mpaka yakawa vuguvugu tu, maana ukiyazidishia yanakatika na kutoa maji. Nikatia sukari kidogo na hamira, nikasubiri povu lipande. Unga wa ngano, chumvi, kijiko cha samli. Kinyunya cha maziwa yale si kama cha maji. Mwanzoni kinanata vidoleni unataka kukitupa, halafu ghafla kinakubali, kinakuwa laini kama ndewe ya sikio. Nilikifunika kwa kitambaa, na kilipoumuka nikakigawa, nikakiweka katika sufuria lililopakwa mafuta, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Ule mkate ulipotoka ulikuwa na gamba la rangi ya asali na uchachu kidogo kwa mbali. Mume wangu alikuwa ametoka safari ya kusomba pamba. Alikula akiwa amesimama, mikono bado ina vumbi.

Wifi nilimpelekea kipande kwenye sahani. Alikipokea, na baadaye nikakiona kwa kuku.

Basi, niliendelea. Jirani alionja, akamwambia mwenzake. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai karibu na stendi akaanza kuniagiza. Watu wakanywa chai kwake wakauliza mkate ule unatoka wapi. Mume wangu akanijengea tanuri la matofali ya kuchoma nyuma ya jiko, na Jumamosi harufu ilijaa ua mzima. Nadhani hiyo harufu ndiyo iliyomkera wifi kuliko kitu kingine, kwamba mtu wa samaki sasa ananukia vizuri.

Siku moja alitoka sokoni amekunja uso. Alitua ndoo yake ya samli, akaja mpaka mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

"Yule mama wa chai ameniuliza kama mimi ni wifi wa mwenye mkate," alisema. "Siku zote nauza samli mji huu. Leo mimi ni wifi wa mwenye mkate."

"Sasa kosa langu ni lipi?"

"Maziwa ni yangu, sifa ni zako."

Nilimjibu kwamba ngano ni yangu, hamira ni yangu, kuni ni zangu, na mikono ni yangu, na kwamba kabla sijayaomba maziwa hayo yalikuwa ya mbwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi alisuka maziwa kama kawaida, akatoa siagi, kisha akasimama katikati ya ua, akahakikisha niko mlangoni, akayamwaga yote chini. Udongo wa kwetu ni mweusi, na maziwa yalitengeneza njia nyeupe mpaka kwenye mzizi wa mpapai. Alirudia kesho yake, na kesho kutwa. Hata mbwa aliwafukuza wasilambe.

Nilijaribu maziwa ya kununua. Nilijaribu kuyapunguza makali kwa maji, nikajaribu ya unga kwa ndimu. Mama wa chai aliniambia kwa upole kwamba mkate umebadilika. Nikamwambia mume wangu aongee na dada yake. Aliongea naye, nikasikia kupitia dirishani.

"Dada, mpe tu hayo maziwa. Kwani wewe yanakusaidia nini?"

"Yananisaidia kumwaga," alisema.

Tulikaa hivyo mpaka binti yangu wa kwanza alipofikia kupata kipaimara. Ilikuwa sherehe kubwa kwetu. Jamaa za mume wangu wangetoka vijijini, wangu wangetoka Lamadi, na katekista pamoja na akina mama wa jumuiya wangekuja alasiri kunywa chai. Nilikwisha amua kwamba watakula mkate wangu, hata kama ni ule uliobadilika. Jioni ya kuamkia siku hiyo, wifi akaja amebeba dumu limejaa.

"Haya ya mtoto," alisema. "Shangazi hawezi kukaa mikono mitupu."

Niliyanusa. Niliyaonja mbele yake, na yeye akatulia tu akinitazama nikionja. Yalikuwa mazuri, ya siku ile ile. Nikamshukuru. Moyoni nilijua kuna kitu, lakini sikujua ni kitu gani, na maziwa ni maziwa.

Asubuhi nilikanda kabla ya kwenda kanisani. Hamira niliipunguza, kwa sababu misa ya kipaimara ni ndefu na sikutaka kinyunya kiumuke kupita kiasi kikachoka. Nilikiacha kwenye beseni kubwa, nimekifunika kwa kitambaa chenye unyevu, kwenye kona ya jiko yenye ubaridi. Wifi alisema hatakwenda kanisani, atabaki aangalie nyama. Mpaka leo watu wananiuliza kwa nini nilikubali. Mtoto anapata kipaimara, nyama iko motoni, mtu wa kubaki ni yeye. Nilikuwa na jibu gani lingine?

Tuliporudi nilikwenda jikoni moja kwa moja, bado na nguo ya kanisani. Beseni halikuwa pale nilipoliacha. Lilikuwa limekaa juu ya sufuria la supu, na supu ilikuwa inachemka. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Chini kinyunya kilikuwa kimeiva, kijivu, kinavutika kama gundi. Juu kilikuwa cha moto na kimekufa. Nilikibonyeza kwa kidole na tundu likabaki vile vile.

Wifi alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Nilikuta kimepoa," alisema. "Nikasema nikupashie."

"Umeniona nikioka miaka miwili."

"Mimi naangalia mambo ya watu?"

Akina mama waliokuja kunisaidia walisogea kuchungulia beseni. Mmoja wao, jirani wa jumuiya, alinishika mkono akasema, "Mayu, mama yangu, achana nayo. Tutapeleka mtu dukani alete mikate." Nilisema hapana. Nilivua nguo ya kanisani nikavaa kanga. Ile sehemu ya juu niliitenga na iliyoiva, nikaikanda tena, nikaitia unga, nikaigawa. Nilijua haitaumuka. Nilikoka tanuri kama siku nyingine yoyote, nikaisubiri kama mkate wa kweli, nikaitoa. Ilikuwa bapa, ngumu, ya rangi ya udongo. Ukiigonga inalia kama mlango.

Wageni walikuwa wamekaa chini ya turubai. Katekista aliombea chakula. Nilileta mikate ile kwenye sinia, nikasimama mbele ya watu wote.

"Mwadila," niliwaamkia kwa Kisukuma, wakaitikia. "Huu ni mkate wa sherehe ya mwanangu. Maziwa ametoa shangazi yake. Na leo tulipokuwa kanisani amenisaidia hata kukipasha kinyunya. Kwa hiyo wa kwanza kula ni yeye."

Wale wa Lamadi walielewa upesi, maana mama yangu aliangalia chini. Mume wangu alianza kuinuka kwenye kiti kisha akakaa. Nilikata kipande kikubwa. Ilinibidi nilalie kisu kwa uzito wa mwili. Nikampa wifi mkononi.

Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mtu anayepewa zawadi. Akakipeleka mdomoni, akauma. Tulisikia. Akatafuna. Alitafuna akiwa ananiangalia machoni, taya likienda polepole kama la ng'ombe. Alimeza. Akauma tena. Hakuomba chai ya kushushia. Alikula kile kipande mpaka chembe ya mwisho, akakung'uta mapaja, akasema, "Mtamu. Niongeze."

Nikamwongeza. Na cha pili alikila chote.

Nimewahi kusimulia habari hii kwa watu wakacheka, na wengine wakasema pale ndipo wanawake wawili wanapaswa kuangua kicheko na kukumbatiana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona mwanamke ambaye yuko tayari kuvunja meno yake mbele ya ukoo mzima ili asinipe nafasi ya kushinda, na nilijiona mimi nikiwa tayari kumkatia cha tatu. Katekista ndiye aliyekatiza. Alisema mandazi ya upande wa pili yanapoa, na watu wakashukuru kupata kitu cha kufanya.

Jioni wageni walipoondoka, mume wangu alitukalisha wote wawili uani. Alimwuliza dada yake kama alifanya makusudi.

"Wewe unaonaje?" wifi alimjibu.

Akaniuliza mimi kama ilikuwa lazima kumwaibisha dada yake mbele ya watu.

"Wewe unaonaje?" nilimjibu.

Aliondoka akaenda kulala. Mwezi uliofuata alileta tripu ya matofali, akajenga ukuta katikati ya ua. Mpapai ulibaki upande wa wifi, bomba likabaki upande wangu, na wifi akafunguliwa geti lake kwa nyuma. Mafundi walipomaliza, ua ulikuwa mdogo kiasi kwamba kamba ya kuanikia nguo haikutosha kunyooka. Maji wifi aliyachota kwa jirani. Ningeweza kumpitishia mpira wa maji juu ya ukuta, na mume wangu aliniomba hivyo zaidi ya mara moja. Nilimwambia apitishe mwenyewe, akapitisha.

Mimi nilipata mama mmoja anayeleta maziwa kutoka Lalago kwa basi la asubuhi. Anasuka kwa kibuyu naye, na ananibakizia yale mepesi. Mkate wangu ukarudi kuwa mkate, na mama wa chai akarudi kuniagiza.

Kisha Jumamosi moja nikasikia harufu kabla sijakoka tanuri langu. Nilidhani pua inanidanganya. Nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Wifi alikuwa amejenga tanuri lake, dogo, la udongo mtupu, na mbele yake kwenye meza kulikuwa na mikate mitano iliyoumuka sawasawa. Maziwa yake, mikono yake. Alikuwa ameona kila kitu kwa miaka ile miwili, mpaka namna ya kupaka samli gamba likiwa bado la moto. Aliinua kichwa akaniona, na sura yake haikubadilika.

Mkate wake niliuonja msibani, mtaa wa pili, ambako sote tulipeleka chakula. Niliujua kabla sijauma. Ulikuwa mzuri. Ndani ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na ule uchachu ulikaa mahali pake, kwa sababu ng'ombe wake wanalala hatua chache kutoka kwenye beseni na maziwa yangu yanapigwa na jua kwenye basi. Jirani wa jumuiya aliyekuwa kando yangu aliuliza, "Huu ni wako au ni wa wifi yako?"

"Ni wake," nilisema.

"Wanasema ulimfundisha wewe."

"Sijamfundisha."

Ndivyo tunavyoishi sasa. Yeye anapeleka mikate upande wa sokoni, mimi stendi. Binti yangu anapita kwa shangazi yake apendavyo, na akirudi simwulizi alichokula. Tukikutana barabarani na wifi, kama tuko na watu, yule anayemwona mwenzake kwanza anasema, "Mwangaluka," na mwingine anaitikia. Kama hakuna watu, kila mtu anaangalia njia yake.