Sikio la Kushoto

Huko Geita, miaka ya hamsini mwanzoni, kambi ya wachimbaji dhahabu ilikuwa na mafundi wa kila namna, lakini fundi wa kadi alikuwa mmoja tu, Eufrasia, au Mama Ignas, mke wa mpishi wa kambi. Masista ndio waliomfundisha kukata karatasi na kuzipaka rangi kwa bluu ya kufulia na udongo mwekundu. Krismasi au Idi ikikaribia, wanaume walijaa mlangoni kwake wapate kadi za kupeleka makwao. Na kadi zote, nakwambia, zilikuwa na ua lilelile la waridi alilolinakili kwenye mkebe wa biskuti. Wa Tukuyu apewe waridi, wa Tabora apewe waridi. Hakuna aliyelalamika, naye Eufrasia akajiona bingwa.

Basi asubuhi moja akaja Onesmo, dereva wa lori la pamba, ametoka Songwa.

"Mama Ignas," alimwambia, "mama yake Makoye hali chakula. Juzi nilipoondoka ilikuwa siku ya tatu. Maji tu ndiyo anakunywa."

Makoye alikuwa jirani yake Eufrasia. Wiki ile shimo lilikuwa limeporomoka, likamvunja yeye mguu na kumuua mwenzake, ambaye naye aliitwa Makoye. Habari iliyofika Songwa ikawa kwamba Makoye amekufa, na kwao wakakaa matanga. Makoye aliandikisha barua, Onesmo akaipeleka. Mama akasomewa, akatikisa kichwa: karatasi huandikwa na yeyote. Onesmo akaapa kwamba amemwona kijana kwa macho yake. Mama akamjibu kwamba wafiwa hudanganywa ili wale.

"Kupanda lori hawezi, plasta imefika nyonga," Onesmo alisema. "Mimi nageuza leo saa nane. Mtengenezee mama kadi ambayo akiiona tu atajua imetoka kwa mwanawe. Asipoamini safari hii, tutazika wa kweli."

Eufrasia akakaa na mkasi wake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye waridi. Akaichana ile karatasi. Akajikaza achore jembe, likatoka limepinda, na kando yake, bila kujua, ameshaweka majani ya waridi. Akaichana hiyo pia. Mazoea yana taabu, jamani. Jua likapanda, na karatasi ngumu ikabaki moja, jalada la faili lililotupwa na ofisi, upande mmoja limejaa herufi za taipu. Aliogopa. Aliona aibu vilevile, maana ndiyo kwanza aligundua kuwa miaka yote ile alikuwa akiwapelekea mama za watu picha ya mkebe, wala hajamuuliza mtu hata swali moja la kwao.

Saa sita akainuka, jalada kwapani, akaenda chumbani kwa Makoye.

"Shemeji, nipe kitu mnachokijua wewe na mama yako tu."

"Sina, Mama Ignas. Mimi nilikuwa mchunga ng'ombe."

"Na hao ng'ombe hukuwahi kuwaharibia kitu?"

Makoye akageukia ukutani. Aliposema, alisema polepole. Kwao kila ndama hukatwa alama kwenye sikio la kulia. Siku moja baba yake yuko mnadani, Makoye wa miaka tisa akajifanya mkubwa, akamkata ndama sikio la kushoto. Kwa baba yule, hiyo ilikuwa bakora mpaka damu. Mama akasema ni yeye aliyeagiza akatwe kushoto, kwa kuwa ndama huyo amemwahidi kaka yake. Na ili uongo usimame, akamswaga mwenyewe hadi kwa huyo kaka. Alikuwa ndama wa ng'ombe pekee wa maziwa aliyekuwa naye mama.

"Basi Onesmo amweleze hivyo hivyo."

"Hapana. Mzee yuko hai na matanga yamejaa watu. Atakuwa amemvua nguo mayu, mama yangu, mbele yao."

Eufrasia akakaa chini palepale. Safari hii mkono haukutafuta waridi. Akachora kichwa cha ndama kinachomtazama mtu, akakipaka udongo mwekundu, akakikata kando kando. Nje lori likapiga honi. Akashika sikio lililo upande wa mkono wake wa kushoto, akalitoa pengo, akamwonyesha Makoye akitabasamu.

Makoye akashika kichwa. "Hilo ni la kulia, Mama Ignas. Ndama ametuelekea sisi. Kushoto kwake ni huku."

Eufrasia alikulia migombani. Ng'ombe alimjua akiwa kwenye sufuria. Machozi yakamlenga. Karatasi nyingine hakuna, na honi ikalia mara ya pili. Akaitazama kadi kwa uchungu, kisha akaigeuza. Pengo likahamia kushoto kwa ndama. Lakini huku hakukuwa na rangi, na taipu ya ofisi ilipita katikati ya paji la uso.

"Ina maandishi," alisema.

"Mayu hasomi. Sikio analijua."

Akamchora ndama macho mawili kwa mkaa, akatoka mbio, akampa Onesmo dirishani.

Siku nne Eufrasia hakukata karatasi. Watu wawili walikuja kutaka waridi, akawaambia wasubiri. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Siku ya tano Onesmo akaingia kwa Makoye na vumbi lake, Eufrasia nyuma yake.

Alimkuta mama amelala, Onesmo alieleza. Mzee ndiye aliyeipokea kadi, akasema ni ndama tu, anafanana na yule wa shemeji yake, akamtupia mkewe. Mama akapitisha kidole sikio moja, kisha la pili, kikaishia kwenye pengo. Akakaa kitako.

"Akasemaje?" Makoye aliuliza.

"Aliniuliza umevunjika mguu gani. Nikamwambia wa kushoto. Akasema, 'Mtoto huyu na kushoto kwake.' Halafu akaomba uji."