“Mmeelewa?” “Ndiyooo!”

Jamani mlioko chuoni, nani akaniangalizie matokeo ubaoni?

Asubuhi nilikuwa shuleni kwetu, hapa Kilosa, kuwashauri Kidato cha Nne.

Nikawaambia, “Mwalimu akiuliza mmeelewa, msiitikie ndiyo kama hamjaelewa. Mimi niliitikia miaka minne. Sasa naogopa kudisko.”

Binti wa dawati la mbele akasimama.

“Shikamoo, dada. Disko si muziki?”

“Marahaba. Chuoni kudisko ni kufukuzwa kwa kufeli.”

Hapo hapo meseji ikaingia, ya mwenzangu wa chumba: Matokeo yamebandikwa. Namba yako siioni.

Nikasahau hata nilichokuwa nasema (mwalimu wao ananitazama tu). Nikajikaza nikauliza, “Mmeelewa?”

“Ndiyooo!” Darasa zima.

Isipokuwa yule binti.

“Mimi sijaelewa, dada. Mbona unalia?”