Mimi, Gavana wa Upatu

Nilipokuwa Louisville, huku Marekani, kabla sijahamia Buffalo, nilisoma uchumi kidogo katika chuo cha jioni. Huko ndiko nilikojifunza jinsi mabwana magavana wa benki kuu, karibu miaka mia iliyopita, walivyosaidia kuudondosha uchumi wa dunia nzima kwa heshima na taadhima. Benki ndogo zinafungwa, watu wamepanga foleni, wao wameikalia dhahabu yao wanapandisha riba na kuhubiri nidhamu. Nilicheka mpaka mwalimu akanitazama. Watu wamesoma hivyo, wamevaa suti, hawajui kwamba mtu akizama unamvuta kwanza, maswali baadaye?

Basi msomi mimi nikachaguliwa mweka hazina wa upatu wa kanisa letu: watu kumi na wawili, wengi Buffalo, wawili Columbus, wawili Louisville. Kila mwezi wote tunatoa, mmoja anachukua kwa zamu. Hakuna karatasi, ni kuaminiana tu. Kwa akili zangu nyingi nikaongeza akiba ya dharura, ambayo kila mtu aliichangia kidogo.

Riba zilipopanda tena juzijuzi, watu wakaacha kununua nyumba, na kiwanda cha makabati kule Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo, tulikofanya kazi wengi wetu wa hapa, kikapunguza shifti. Wa kwanza kukatwa alikuwa mwenzetu wa upatu, mama mmoja wa Bukavu, Kongo, jirani yangu hapa mtaa wa Lower West Side, mwenye watoto watatu. Akaja jikoni kwangu.

"Bon, dada, unipatie zamu yangu mbele. Mwenye nyumba anataka kunifukuza."

Sijui shetani gani alinipitia. Nilimwambia nikimpa yeye, kesho watakuja wote. Nikamwambia habari za nidhamu. Akaniuliza kuhusu ile akiba. Nikasema ile ni ya dharura. Nilisema hivyo nimekaa, nakunywa chai, na suti sina.

Habari ilifika Columbus siku ile ile. Watu wakajiuliza: yeye kanyimwa, mimi nitapewa? Mwezi ule walitoa sita. Uliofuata, wawili. Upatu ukafa, akiba ikabaki salama salimini, hongera kwangu. Nilipoenda kumgongea na fungu lake la akiba mkononi, mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha kitasa.

Alihamia Columbus kwa kaka yake, akalala sebuleni na watoto. Wiki tatu sikumpigia, kwa aibu. Akapiga yeye. Nyumba hakuitaja. Aliuliza kama bado nina kazi. Nikasema nami wamenikata. Akasema amepata kazi ya ghala, Ijumaa analipwa, nimwambie nimepungukiwa na kiasi gani.