Kadi ya upasuaji iliyoshonewa ndani ya kola

Saa moja asubuhi, barazani kwa Mwanamvita pale Chapwa, Tunduma, Ferista Simbeye ameinamia shati la mwanamume. Anakata nyuzi za kola kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Tumbo lake lina miezi saba na limemsukuma mbali na cherehani, hata shati lenyewe amelilaza juu ya goti.

Wanawake watano wamemzunguka. Mmoja ameacha uji jikoni.

"Toa basi, tuone," anasema Mwanamvita, mwenye nyumba.

Kola inafunguka. Ndani kuna kipande cha boksi la majani ya chai.

"Chai," anasema Ferista.

"Juzi ilikuwa sabuni, jana biskuti," anasema Mwanamvita. "Jamani, mji huu tumevaa duka zima shingoni!"

Baraza zima linacheka. Ferista hacheki. Hilo ni shati la saba. Limebaki moja tu, na liko kwa Yahaya, dereva wa lori anayebeba mpunga kutoka Kamsamba. Kama hakimo humo, basi hakipo tena duniani kile anachokitafuta: kadi ya hospitali inayoeleza alivyopasuliwa mwaka 1979, alipomzaa binti yake Ikupa.

Ferista ana miaka ishirini na minane. Ni fundi cherehani, na mikono yake inajulikana mpaka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kwa siku njema hushona mashati matatu, shilingi hamsini kila moja. Siku njema zenyewe ni chache. Kitambaa hakuna, uzi ni wa kubembeleza, na kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola hakijaonekana dukani tangu mwaka juzi.

Mafundi wa Tunduma hawakukaa kulia. Walianza kutia maboksi. Kola inasimama wima kama ya mkurugenzi, na mteja anapewa sharti moja.

"Namwambia, shati lote fua, kola ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo," anasema Ferista. "Akiitumbukiza kwenye beseni, ajue amevaa ugali."

Sasa sikia mkasa wenyewe ulivyoanza.

Ikupa alizaliwa kwa kisu katika hospitali moja ya misheni, mbali na hapa, baada ya mama yake kushikwa na uchungu siku mbili. Siku ya kuruhusiwa Ferista akapewa kadi ngumu ya kijani, akaambiwa aitunze na asishike mimba kabla ya miaka miwili.

Miwili ikapita. Ikapita mitatu. Minne. Mimba haikuja.

Maneno ndiyo yaliyokuja. Kisimani walisema daktari alitoa kizazi akakitupa. Sokoni walisema hapana, alikiacha ila alikishona mdomo. Mama mkwe wake, Roda, aliyehamia kwao kutoka Ihanda, hakungoja kuyasikia kwa watu. Aliyasema mwenyewe mezani.

"Nilikuwa namwambia Yonasi, mtoto mmoja ni jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu," anakiri Roda. "Nilisema oa mwingine, huyu wamemfunga. Nilisema, sikatai."

Yonasi, mume wa Ferista, analima kahawa Ihanda na huja Chapwa kwa baiskeli kila Jumamosi. Hakuoa mwingine. Lakini hakubisha pia, na kimya chake, anasema Ferista, kilimuuma kuliko maneno ya mama.

"Mshono wangu ulipona. Damu ya mwezi naiona. Lakini kila mwezi ikija naona kama inanicheka. Mwisho nikasema basi, huyu Ikupa ndiye wangu."

Ndipo ikaja harusi ya Ramadhan, Septemba iliyopita. Ramadhan ni dereva, na alitaka wenzake wanane wavae sare, kitambaa kimoja, kola kubwa. Ferista alipewa siku tatu. Maboksi yakamwishia akiwa bado na kola moja.

Roda alikuwa msaidizi wake wa kukata. Ferista anachora kwa chaki, mama anafuata mstari kwa mkasi. Siku ile Roda akaingia ndani kutafuta chochote kigumu, akafungua sanduku, akatoka na kadi ya kijani.

"Akaniuliza, hii je? Nikaiona," anasema Ferista, na sauti inashuka. "Watu wanamlaumu mama bure. Niliiona. Mama akasema, kadi ya nini na uzazi wenyewe umekwisha? Nikasema haya, kata."

Harusi ikapigwa, mashati yakasifiwa. Na mwezi uliofuata, Ferista akakosa siku zake.

Alidhani ni ugonjwa. Mwanamvita ndiye aliyemtazama akitapika nyuma ya choo akamwambia, "Shoga, huo ugonjwa wako una miguu miwili na utakuita mama." Siku ile, wanasema majirani, Roda alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Furaha ilidumu hadi kliniki. Sista Marta, muuguzi anayewapima wajawazito, aliona kovu la kusimama chini ya kitovu, akaomba kadi.

"Watu wanadhani kovu la nje linatosha," anaeleza Sista Marta. "Halitoshi. Ngozi inaweza kukatwa hivi, na kizazi ndani kikakatwa vingine. Kama kilikatwa kwa kulala, sehemu ya chini, mama huyu anaweza kujaribu kuzaa mwenyewe, ila awe hospitali, daktari yuko karibu. Kama kilikatwa kwa kusimama, juu, hatujaribu. Uchungu ukikolea, pale palipounganishwa panaweza kuachia, na hapo tunaweza kuwakosa wote wawili."

Anaongeza kwamba kukawia kushika mimba si ushahidi kwamba mtu amefungwa. "Wengine hukawia, na wasiopasuliwa pia hukawia. Angekuja kuuliza mapema, asingelia miaka minne."

Yonasi alipanda malori mawili mpaka hospitali ya misheni. Daktari yule alikwisha rudi kwao Ulaya, na majalada ya mwaka ule yalikuwa yameliwa na mchwa.

Ndiyo maana mashati yanafumuliwa. Habari ilitangazwa msikitini, kanisani na kwenye foleni ya sukari: aliyevaa sare ya Ramadhan alete kola. Wakaja mmoja mmoja, na Ferista akaahidi kuwashonea upya bure.

Usiku, anasema, halali vizuri. Anahesabu siku. Kutoka Chapwa hadi hospitali ya wilaya, Vwawa, ni kilomita karibu arobaini, na masika hii barabara ni utelezi.

"Nikishikwa Jumapili jioni je? Jumapili baada ya saa nane, kwa amri ya kubana mafuta, gari lisilo na kibali halitembei. Nitamwambia mtoto angoje Jumatatu?" Anamtazama Ikupa, anayeokota nyuzi sakafuni. "Huyu simwogopei njaa. Naogopa asibaki na bibi tu."

Saa saba mchana honi inalia. Yahaya amefika, vumbi la mpunga mpaka kwenye nyusi, shati la harusi kalivaa.

"Hodi! Nasikia natafutwa kama mhujumu uchumi."

"Vua shati, shemeji," anasema Mwanamvita.

"Mbele ya wake za watu?"

"Vua! Kifua chenyewe kama ubao wa kufulia, nani atakitamani?"

Anavua. Ferista anaishika kola na uso unambadilika kabla hajaukata uzi wa kwanza. Ni laini.

"Umeifua."

"Mara moja tu, Mama Ikupa. Kamsamba joto, nilikuwa nanuka mwenyewe najikimbia."

Wembe unapita polepole. Kinachotoka ni cha kijani, kimevimba, kimeshikana na kitambaa. Roda anaweka kiganja mdomoni. Ferista anakianika juu ya meza ya cherehani, na baraza zima linakaa kimya saa nzima kukisubiri kikauke, jambo ambalo Mwanamvita anasema halijapata kutokea nyumbani kwake.

Jioni Sista Marta, aliyeitwa kutoka kliniki, anakileta karibu na dirisha. Anasoma tarehe. Anasoma uzito wa mtoto. Anasoma sababu ya kupasuliwa: mtoto alilala kwa kukingama.

"Kumbe si nyonga zako," anasema Roda kwa sauti ndogo. Miaka yote alisema Ferista alipasuliwa kwa kuwa nyonga zake ni nyembamba.

"Na kizazi?" anauliza Ferista.

Sista Marta anageuza kipande. Mstari unaoanza kueleza kizazi kilivyokatwa unakwenda mpaka pembeni, unakatika. Hapo ndipo mkasi ulipofuata chaki, kutengeneza ncha ya kola. Kilichokatwa kilifagiliwa Septemba.

"Hatujui," anasema Sista. "Na tusipojua, tunafanya kama ni lile baya. Daktari ndiye atakayeamua. Usingoje uchungu, mama. Mimba ikiingia mwezi wa nane uwe Vwawa. Ukiona damu au tumbo likikuuma kabla ya hapo, usiku au mchana, unaondoka palepale."

Roda anainuka. Anaingia ndani, anatoka na sanduku lile lile, anaanza kukunja kanga.

Yahaya, bado kifua wazi, anasema Jumatano anapita Vwawa na mpunga, na kiti cha mbele hakina mtu. Mwanamvita ana binamu huko mwenye chumba cha uani, hatua chache kutoka hospitali. Yonasi atapelekewa habari Ihanda awalete mama yake, Roda, na Ikupa baadaye. Cherehani, ambayo ni ya mkono, itasafiri pia, maana hata wanaosubiri kuzaa wanahitaji nguo za watoto.

Ferista anakishonea kile kipande kifuko cha kitambaa, pande zote nne, na kukivaa shingoni. Safari hii, anasema, akimaliza kuzaa ataandikiwa karatasi nyingine na hataiweka sandukuni. Ataomba asomewe mpaka aikariri, ndani walikata vipi na akae muda gani kabla ya mwingine, ili hata mchwa wakila, hata mkasi ukipita, yeye ajue.

Kisha anavuta shati la Yahaya, anachukua boksi la chai la asubuhi na kuanza kukata kola mpya.

"Jumatano ni keshokutwa," anamwambia. "Shemeji, huwezi kunipeleka hospitali uchi."