Mkono wa Mfenesi

Tangu mkono wangu wa kushoto upooze, naambiwa "pumzika" mara nyingi kuliko ninavyoitwa jina langu. Nikishika ufagio, pumzika. Nikitaka kusuuza kikombe nilichonywea chai mwenyewe, binti yangu hukipokonya huku anacheka: "Pumzika, mama, wewe kazi yako imekwisha." Imekwisha! Nani kaimaliza? Mimi sikuimaliza. Kilichokwisha ni nguvu za mkono mmoja. Wa kulia nnao, ulimi nnao, na hasira ndiyo kwanza zimenijaa.

Sisemi kwamba hawanipendi. Wananipenda mpaka wanataka kunizika. Naishi kwa binti yangu huyu, mtaa wa Amani, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa akilichukua beseni la vyombo vichafu na kulipandisha juu ya friji, nisilifikie. Juu ya friji, kama vile mimi paka! Jioni akirudi analishusha, anaosha, anapumua kwa nguvu kwa uchovu, na mimi nimekaa kwenye kochi namtazama mgongo. Nikimwambia niachie mie, ananiletea maji ya kunywa.

Lakini lililoniuma hasa lilitokea Mji Mkongwe, kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, siku ya hitima ya kumwombea huyo marehemu. Mtu asiyezijua shughuli zetu hawezi kufahamu, basi nieleze. Mwanamke akifika kwenye shughuli ana njia mbili. Akipanda juu na kukaa kwenye zulia, huyo mgeni: atanawishwa, atapakuliwa, atasema ahsante. Akiteremka uani, akajifunga khanga kiunoni, akavuta kibao mbele ya masufuria, huyo mwenyewe. Hakuna anayekugawa. Unajigawa mwenyewe kwa pale unapovua viatu. Na mimi tangu niolewe katika ukoo ule viatu vyangu vimevuliwa uani. Pale ndipo tunapopata habari za nani kaachwa na nani kaposwa, pale ndipo tunapogombana na kupatana, mikono imo ndani ya mapovu.

Siku ile wifi alinipokea mlangoni. Akanishika bega, akanipandisha ngazi taratibu, akaniketisha kwenye zulia, mito nyuma, mito ubavuni. Msichana nisiyemjua akaja na birika na bakuli, akaninawisha. Mie, nanawishwa maji katika nyumba ile! Nikaletewa sahani yangu peke yangu, na kijiko. Chini nikasikia masufuria yanagongana na wanawake wanacheka, na sikujua wanacheka nini. Pilau nikaisukuma pembeni. Nililia, na waliokuwa karibu wakadhani namlilia marehemu, wakanipa pole.

Nikarudi Amani nikasema, wallahi nitarudi uani, wapende wasipende.

Nilianza kijinga. Nilikwenda sokoni Darajani nikanunua brashi ya plastiki, ile ambayo sabuni ya maji inatiwa ndani ya mpini. Mwenye duka akaisifu kama anaiozesha. Nikaitafutia sufuria la ubwabwa ulioungua. Brashi ikapiga ukoko mara ya kwanza, ikapinda. Mara ya pili sufuria likazunguka, likanikimbia, likatembea mpaka mlangoni. Nikalifuata na kibao changu. Nilipolikamata kwa goti, sabuni yote ikamwagika kwenye nguo yangu. Nikairusha ile brashi nje dirishani, na maneno niliyoyatoa siku ile siyaandiki hapa.

Lakini nilipokaa pale chini na nguo imerowa ndipo nilipofahamu. Watu wote tunadhani kuosha ni kusugua. Kumbe mkono wa kulia ni wa kujionyesha tu. Wa kushoto ndio unaolishika sufuria, unalilaza, unalizungusha kidogo kidogo, unalileta tumboni likitaka kukimbia. Miaka yote ile mkono wangu wa kushoto ulifanya kazi na hakuna aliyeusifu, hata mimi mwenyewe. Basi brashi sikuwa na haja nayo. Nilihitaji kitu kimoja ambacho mkono wa kulia ukikishika kitasugua, kitakwangua, na kitashika.

Nikachukua kipande cha mkaa nikachora kwenye sakafu ya baraza. Mpini mnene. Kichwa bapa kama mwiko, chenye mfuo wa kubania dodoki au kumbi la nazi. Ukingo mmoja wa kukwangulia. Na nyuma ya mpini, kulabu, ya kuuvuta mdomo wa sufuria na kulizungusha. Nilichora, nikafuta, nikachora. Ilipofika jioni nikaona nimepata. Nikaingia ndani kuswali. Nilipotoka, binti yangu karudi kazini na kaipiga deki baraza yote, inang'aa.

"Watoto wa jirani wamechora uchafu," akaniambia.

Astaghfirullah. Sikuzungumza naye mpaka kesho yake.

Nikachora upya, safari hii kwenye karatasi, nikaenda kwa fundi seremala, upande wa barabara ya uwanja wa mpira. Anatengeneza vitanda na makabati, na visanduku vya kuwauzia watalii wa Nungwi. "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba." Nikamwonyesha. Akageuza karatasi juu chini. "Sasa hichi mwiko au mkuki?" Wenzake wakacheka. Nikameza mate, nikamweleza kila kitu, na kila nikieleza yeye anasema "nshafahamu, bi mkubwa, nshafahamu." Anayesema nshafahamu kabla hujamaliza hajafahamu kitu, na mimi nilijua, na bado nikamwachia.

Alichonipa kilikuwa kizuri cha kutundika ukutani. Mninga mwekundu, umepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Mpini kaupima kwa kiganja chake yeye, kiganja cha mtu anayebeba mbao. Na kwenye mpini kachonga ua. Ua! Nikamwuliza, "Hili ua litasugua nini?" Akasema ni urembo tu, bi mkubwa, nimekuongezea kwa heshima. Nikakipeleka nyumbani, nikakitia kwenye maji ya moto, vanishi ikaambuka vipande vipande ndani ya sufuria, na sufuria likanuka kitanda kipya.

Kesho yake nilirudi pale na sufuria lenyewe, lina ukoko wa ugali umeganda chini. Sikutoa salamu. Nikaliweka mbele yake na ndoo ya maji. "Tia mkono wa kushoto mfukoni. Usiutoe. Haya, osha."

"Bi mkubwa, mie nna kazi."

"Na hii ndiyo kazi yako. Osha!"

Akaosha. Sufuria likazunguka, likampiga ugoko, maji yakamwagikia viatu. Mkono wa kushoto ukataka kutoka mfukoni, nikaupiga. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye mwanzo alicheka, kisha akakasirika, kisha akaanza kulitazama lile sufuria kama adui yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa tunaweza kuzungumza.

Tulifanya kazi vizuri baada ya pale, kwa ugomvi. Mimi nilitaka mfenesi, mwepesi na haunuki, usipakwe chochote ila mafuta ya nazi. Yeye alitaka ukingo wa bati. Nikamwambia bati litakwaruza masufuria ya watu na mimi nitakwaruzwa na wenyewe. Tukatia kipande cha kifuu cha nazi, kimekatwa kufuata mviringo wa sufuria. Dodoki lilikuwa likichomoka kila mara, mpaka yeye akatia kabari ya mti inayolibana, ukitaka kubadilisha unaigonga chini mara moja, inalegea. Hilo lilikuwa lake, namwachia sifa zake. Kulabu tuliifanya na kuivunja na kuifanya tena. Na chini ya sufuria nikaweka kata, ile ya kuchukulia ndoo kichwani, nimeisokota kwa khanga kuukuu na kuirowesha. Sufuria likikaa juu ya kata halikimbii. Unalizungusha kwa kulabu, unageuza mkono, unasugua, unageuza, unakwangua.

Kazi ya kwanza ya ile kulabu ilikuwa kuteremsha beseni kutoka juu ya friji. Bakuli moja likavunjika. Sikujuta hata kidogo. Binti yangu aliporudi akakuta kila kitu kimeoshwa na kimefudikizwa, akasimama katikati ya jiko. "Nani alikuja?" akaniuliza. Hata kunishuku hakunishuku.

Basi ikaja harusi kwa wifi. Nikafika asubuhi, mkono wangu wa mfenesi uko kwenye mkoba na ncha inatoka nje. Wifi akanipa bega lake mlangoni. Nikamwambia, "Juu sipandi." Akanitazama, akautazama mkoba, akatabasamu lile tabasamu ambalo siku hizi ananiwekea mimi tu. Mwanamke huyu ndiye mkuu wa ule uani. Wanawake wengine anawakaripia mpaka wanatetemeka, lakini mimi tangu niugue ananisemesha kama maiti anayesikia.

"Mashaallah, wifi, kifaa kizuri! Njoo, njoo ukae hapa penye kivuli." Akaniwekea mto juu ya kibao.

Wanawake wakanizunguka. Simu zikatoka. Mashaallah huku, mashaallah kule, hebu tuonyeshe tena, hebu geuza. Binti yangu akaniletea sufuria la kwanza. Nikalizungusha, nikasugua, likatakata. Mashaallah! La pili, mashaallah! Nikajisikia vizuri, sisemi uongo. Kwenye la tatu kifuu changu kikateleza. Hakikukuta kitu cha kukwangua. Nikatazama maji ndani: meupe, hayana hata jicho moja la mafuta. Biriani imepikwa humu na maji meupe? Nikainamisha pua. Sufuria likanuka sabuni ya ndimu, na mimi nilikuwa natumia sabuni ya mche.

Nikainua kichwa. Nikamwona binti yangu anatoka upande wa ukuta, kule masufuria yaliyokwisha oshwa yanakofudikizwa, na sufuria la nne mkononi. Akaniona ninavyomwona, akasimama.

"Mnanipa vyombo visafi," nikasema. Kisha nikapiga kelele, na uani ule una mwangwi. "Mnanipa vyombo visafi nichezee! Mie mtoto anayepika mchanga? Mmekaa mkapanga, mkakubaliana, na mkanipiga picha juu yake!"

"Mama, mimi ndiye niliyesema," binti yangu akasema. "Sikutaka uchoke."

"Nimechoka kitambo! Mmenichosha nyie!"

Wifi akanyoosha mkono kunishika bega, nikautoa. Nikautupa ule mto. Pembeni kabisa palikuwa na sufuria kubwa la biriani, lile ambalo kila mtu alikuwa analikwepa, limeungua chini na masizi mpaka shingoni. Nikalitia kulabu nikalivuta. Lilikwaruza sakafu, kelele zake kama za mbuzi. Wawili wakainuka kunisaidia, nikawaambia atakayeligusa atanijua leo. Wakakaa.

Nikaliweka juu ya kata, nikalitia maji na majivu, nikaanza. Ukoko ulinigomea. Nikaulowesha, nikaukwangua, ukatoka vipande vyeusi. Jasho likanitiririka machoni na sina mkono wa kulifutia. Sikumtazama mtu. Taratibu mazungumzo yakarudi, kwa minong'ono kwanza, kisha kwa sauti: mama wa bwana harusi kaja na watu wengi kuliko alivyoarifu, na kijora chake hakijapigwa pasi. Mmoja akaniuliza kama ni kweli yule mama ni jirani yetu kule Amani. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba pasi anayo, ila uvivu.

Nilipomaliza mgongo haukuwa wangu. Nikalisukuma lile sufuria kwa wifi, maana masufuria yalikuwa ya kuazima na yeye ndiye anayeyakagua kabla hayajarudi kwa wenyewe. Akaliinamisha penye jua. Akatembeza kidole ndani, chini, ubavuni. Nikaliona lile tabasamu linamjia. Kisha kidole kikafika chini ya mdomo wa sufuria, kikasimama. Akakitoa, akakitazama, akakisugua na kidole gumba. Tabasamu likamtoka.

"Wifi! Ndiyo kuosha huku? Hapa pote mafuta matupu! Wenye sufuria lao waseme watu wa nyumba hii wanaosha kwa kulamba? Rudia!"

Akalisukuma likaja likanigonga miguuni. Binti yangu akajiziba mdomo kwa khanga.

Damu ilinipanda kichwani. "Mafuta yako wapi? Macho yako ndiyo yana ukungu, nenda kapimwe!"

"Macho yangu mazima kuliko mkono wako! Rudia, n'shasema!"

Uani mzima ukaangua kicheko, na mimi nikawatukana wote kwa jumla. Lakini nilipogeuza sufuria nikaona kweli, nuksi yule alikuwa na haki: pale pale kulabu inaposhika, dodoki halifiki, mafuta yalikuwa yameganda mzunguko mzima. Nikalirudisha juu ya kata. Nikalisugua upya, meno nimeyauma, machozi yananitoka na mapovu yananirukia usoni, na yeye akasimama juu yangu, mikono kiunoni, ananungunika kwamba namchelewesha.