Kurasa za Pinki

Dorthea Vandermolen hakuogopa mbwa, wala matetemeko yaliyoutikisa mji wa Burbank mara kwa mara. Alichoogopa ni karatasi. Jumatatu mswada wa kipindi cha televisheni ulikuja kwa karatasi nyeupe, na yeye, aliyeigiza mpangaji wa ghorofani katika kichekesho cha duka la dobi, alikuwa na mistari kumi na mmoja ya kusema. Jumatano mjumbe wa studio akamletea kurasa za buluu zenye mabadiliko: mistari saba. Alhamisi zikaja za pinki, maana kila mabadiliko mapya yalipewa rangi yake. Alisimama barazani na gauni la kulalia, akahesabu kwa kidole, akarudia. Minne.

Kwa miaka thelathini alikuwa ameigiza wauguzi, makarani na maiti mmoja. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya kila wiki, na kwa umri wa miaka sitini na miwili hakujidanganya kwamba ingekuja nyingine. Mumewe, Orrin, alimwambia aache kujitesa, maana kipindi chenyewe hakikuwa na watazamaji wengi majumbani na huenda wakubwa wa kituo wangekifunga chote. Wanaume wana namna zao za kufariji.

Aliyemfungua macho ni Nadine, mpambaji wa waigizaji.

"Ijumaa iliyopita watu ukumbini walikuchekea wewe kuliko Tolliver," alinong'ona huku akimpaka poda. "Na kipindi kina jina lake. Unadhani analala, huyo?"

"Sasa nifanyeje, mwenzangu? Niwakataze watu kucheka?"

"Mimi napaka poda tu, dada. Lakini yule aliyeigiza tarishi naye alikuwa anachekesha. Wakaandika kwenye mswada kwamba tarishi kahamia Ohio. Hata kuaga hakuaga."

Kwenye mazoezi Tolliver alimtabasamia Dorthea kwa adabu, na adabu ile ilimtia hofu zaidi.

Ijumaa ukumbi ulijaa watu mia tatu, kamera zikaanza. Dorthea alitakiwa kuweka shati juu ya kaunta na kusema: "Doa hili nilikuja nalo." Kisha anyamaze, aligeuze shati, ndipo amalizie: "Hili ni lenu." Kicheko chote kilikuwa ndani ya kile kimya, na alikijua kama anavyojua swichi ya taa jikoni kwake. Lakini alimwona Tolliver anamtazama. Akayasema yote kwa mkupuo, macho chini. Watu wawili watatu wakacheka kwa huruma. Tolliver akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

"Leo umenisaidia, Dot," Tolliver alimwambia baadaye, akilifupisha jina lake na kumbonyeza bega. Dorthea alipumua. Aliona aibu, lakini alipumua.

Jumatatu mjumbe hakutokea. Saa nne simu ililia: kipindi kimefungwa, aje achukue vitu vyake. Tolliver naye alikuwa ameambiwa asubuhi ileile. Hicho walichorekodi Ijumaa ndicho kingekuwa cha mwisho kurushwa.

Dada yake, Wilma, aliendesha gari kutoka Fresno kuja kukitazama naye. Shati lilipowekwa kwenye kaunta, Dorthea alishika mkono wa kochi, akangoja ule ukimya wa fedheha. Badala yake televisheni ililipuka kwa vicheko. Mafundi walikuwa wameongeza vya mashine, vilivyorekodiwa zamani na kutumiwa tena na tena. Alikitambua hata kicheko cha yule mwanamke wa sauti nyembamba, ambaye alikuwa akimsikia kwenye vipindi vya kila mtu tangu ujana wake.

"Unaona walivyokupenda?" Wilma alisema, akijifuta machozi.

Dorthea akamwambia ndiyo, anaona.