Ubeti wa Kwanza Ni Wake

Hebu sogea nikueleze jambo, ndipo utajua kwa nini siku ile sikutulia kwenye benchi. Kijijini kwetu Mhezi, huko mlimani, mtu akianzisha wimbo, kumwacha aimbe peke yake ni kama kumtupa. Unampokea hapo hapo, kila mmoja kwa sauti yake.

Sasa mdogo wangu alitaka kusikika peke yake, kwa mara ya kwanza maishani, katika igizo la nyimbo la vijana wa mtaa wetu hapa Same. Mama, mwanakwaya tangu usichana, aliteremka kutoka mlimani na shangazi zangu, wakajaza benchi zima.

"Mama, leo msimpokee," nikamnong'oneza tena.

"Kwani sisi watoto? Tulia, unatikisa benchi."

Mdogo wangu akatokea, akaanza. Mstari wa pili tu, shangazi mmoja akaingia na sauti ya pili, wanaume wa nyuma wakadaka besi, ukumbi mzima ukavuma. Sauti yake ikazama. Akanyamaza, akatazama miguu yake. Nilitamani kukimbia.

Mama akasimama, akawageukia watu. "Jamani, mwacheni mwanangu! Kawaambia amelemewa?"

Watu wakacheka, kisha wakatulia. Mdogo wangu akaanza upya, sauti ikitetemeka, halafu ikanyooka. Mama alijiziba mdomo kwa kanga mpaka ubeti ukaisha.

Jumamosi wanaigiza tena. Ukija, nyamaza ubeti wa kwanza. Kiitikio kikifika, imba.